Mkuku wa Kukunja: Istilahi za Kuushusha na Kuutengeneza Mkuku wa Mashua ya Matanga

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwetu ili yasahihishwe, yale ya ufundi ndiyo yatupayo taabu kubwa. Na miongoni mwa hayo, yanayomwambia mtu afanye nini kwa mikono yake yana hatari ambayo haimo katika hotuba wala katika ripoti ya mwaka. Si muda mrefu uliopita tuliletewa kurasa nane zilizopigwa chapa, tafsiri ya maelekezo ya kutunza mashua ndogo ya matanga iliyoundwa Marekani. Aliyezileta alitaka jambo dogo tu: tutazame kama sarufi imekaa sawa. Sarufi ilikuwa imekaa sawa. Lakini katika ukurasa wa tatu tulikuta sentensi hii: "Hakikisha kwamba mkuku umeungwa mkono vizuri kabla ya kuuacha huru waya." Tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza, kwa maana tulikumbuka kwamba kitu kinachotajwa hapo kina uzito wa kilo zipatazo 250, na kwamba atakayeisoma sentensi hiyo huenda akawa amelala chali chini yake.

Makala haya hayakusudii kumfundisha msomaji ubaharia, wala hatudai kwamba sisi ni mabaharia. Twakusudia kuieleza kazi moja ya ufundi, yaani kuutoa mkuku wa mashua, kuutengeneza na kuurudisha mahali pake, na katika kueleza huko kulitazama kila neno linalohitajiwa: lipi tunalo tangu zamani, lipi tumelikopa, na lipi hatuna budi kuliunda. Tumeona njia hii yafaa kuliko kuandika orodha iliyopangwa kwa alfabeti, kwani neno la ufundi halijulikani ubora wake mpaka litiwe kazini. Maneno tutakayoyapendekeza si istilahi zilizokwisha kusanifiwa. Yako mbele ya wasomaji ili yajadiliwe.

Tuanze na mkuku wenyewe. Kwa mafundi wa kuunda vyombo wa pwani yetu, mkuku ni ule mti mrefu ulazwao chini kabisa ya chombo, kutoka omo mpaka tezi. Ndio uwekwao kwanza. Kutoka kwake husimama mataruma, na mataruma ndiyo yashikayo mbao za ubavuni. Jahazi lililovunjika mkuku haliponi kwa kalafati. Kwa hiyo katika fikra ya Mswahili neno hili lina maana ya uti wa mgongo wa chombo. Iko kazi ya pili, ya kukizuia chombo kisipelekwe upande wa demani pindi upepo unapokipiga ubavuni. Kazi hii mkuku wa jahazi huifanya, ila kwa kiasi, maana hautokezi sana chini ya maji. Na iko kazi ya tatu, ya kukipa chombo uzito wa kukisimamisha kisilale. Hiyo si kazi ya mkuku hata kidogo, bali ni ya farumi, yaani mawe au mchanga utiwao ndani, au ya shehena yenyewe.

Katika mashua nyingi za siku hizi za ng'ambo mambo yamegeuka. Mwili wa mashua hufinyangwa kwa faibaglasi, nao hujishikilia wenyewe bila ya kuhitaji uti wa mgongo. Kitu kiitwacho mkuku katika mashua hizo ni pezi la chuma au la risasi lililotokeza chini, lenye kazi ya pili na ya tatu tu: huzuia kama mkuku na husimamisha kama farumi. Ukilitoa, mashua yabaki nzima, ila haifai kwa safari. Ndipo likazuka swali la kwanza tulilojadiliana: je, ni haki kukiita kitu hicho mkuku? Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba tuseme "pezi", akatoa hoja kwamba umbo lake ni la pezi na kwamba neno la kale lisitiwe mzigo usio wake. Hoja yake ina nguvu, lakini hatukuikubali. Kiingereza nacho kimelinyosha neno lake la uti wa mgongo wa chombo mpaka likafunika pezi hili, na msomaji wa Kiswahili akiambiwa "mkuku" hujua mara moja mahali pa kutazama, yaani chini ya chombo, katikati, kutoka mbele kwenda nyuma. Neno linalomwelekeza msomaji mahali panapostahili limekwisha kufanya nusu ya kazi.

Taabu ya mkuku mrefu ni kwamba chombo hakiwezi kuingia maji machache, wala hakiwezi kukaa juu ya trela kikavutwa na gari. Dawa yake ni mkuku unaopandishwa na kuteremshwa, na wazo hilo si la jana. Mwaka 1774 John Schank, baharia wa jeshi la majini la Uingereza, aliunda mashua ya namna hiyo mjini Boston. Na meli Lady Nelson, iliyoshushwa majini mwaka 1798 na kutumiwa katika kupima pwani za Australia, ilikuwa na mikuku ya kuteleza juu na chini. Mwaka 1811 watu wa ukoo wa Swain, huko New Jersey, walipata hataza ya ubao upitao katikati ya chombo. Historia yote hatuna haja nayo hapa.

Mashua iliyotajwa katika karatasi zetu ni Catalina 22, nayo yafaa kuwa mfano kwa sababu ni mashua inayojulikana mno. Ilibuniwa na Frank Butler huko California, ikaanza kuuzwa mwaka 1969, na zimeundwa zaidi ya 15,000. Urefu wake ni kama mita 6.5. Yako matoleo yenye mkuku usiosogea, lakini toleo linalotuhusu lina mkuku wa chuma cha kusubu, wenye uzito wa kilo 250 hivi, ulioshikwa kwa pini moja tu upande wa omo. Upande wa tezi umefungwa kamba ya chuma ipandayo ndani ya mashua mpaka kwenye winchi ndogo ya mkono, chini ya ngazi ya kuingilia chumbani. Nahodha akizungusha winchi, mkuku huinuka na kulala chini ya tumbo la mashua, na mashua huhitaji maji ya sentimita 60 tu ili kuelea. Akiilegeza kamba, mkuku huzunguka juu ya pini ile, ncha yake ikashuka, na mashua huhitaji kina cha mita moja na nusu.

Sasa jina. Mfasiri wetu alikuwa ameandika "mkuku bembea" katika ukurasa wa kwanza, "ubao wa kati" katika ukurasa wa pili, na "mkuku" pekee katika zile zilizobaki. Hatumlaumu sana, kwa kuwa hata wenye mashua wenyewe huko ng'ambo huchanganya majina. Lakini vitu hivi ni mbalimbali, na tofauti zake ni mbili. Tofauti ya kwanza ni uzito: kipo kitu kilichotengenezwa kiwe kizito ili kiifanye kazi ya farumi, na kipo kitu chepesi, cha mbao au cha bati, ambacho kazi yake ni kuzuia tu. Tofauti ya pili ni mwendo: kipo kinachozunguka juu ya pini kama kisu cha mfukoni, na kipo kinachochomekwa wima kama upanga katika ala. Twapendekeza basi kwamba nomino ibebe habari ya uzito, na kivumishi kibebe habari ya mwendo. Kizito kiitwe mkuku, chepesi kiitwe ubao; kinachozunguka kiwe cha kukunja, kinachokwenda wima kiwe cha kuchomeka. Tutapata mkuku wa kukunja, ubao wa kukunja, mkuku wa kuchomeka na ubao wa kuchomeka.

Kwa nini tuanze na uzito? Kwa sababu ubao wa kukunja wa mashua ndogo ya mashindano mtu mmoja aweza kuushika kwa mikono miwili akauweka mchangani. Msomaji aliyeambiwa "toa ubao wa kati" atanyoosha mikono. Akiambiwa "mkuku", atamwita mwenzake na kutafuta jeki. Onyo la kwanza limo ndani ya jina, nalo lamfikia hata yule asiyesoma maonyo, ambao ndio wengi.

"Bembea" tumelikataa kwa sababu nyingine. Bembea huenda mbele na nyuma bila ya kukoma, tena ni kitu cha furaha ya watoto. Mkuku huu haukusudiwi kubembea. Ukibembea, basi kamba imekatika au bolti ya kukazia haikukazwa, na hiyo ni hitilafu. Kukunja, kwa upande mwingine, kuna faida ambayo hatukuiona mpaka tulipoanza kuandika upya tafsiri ile: kitenzi hiki huja na kinyume chake. Mkuku hukunjwa na hukunjuliwa. Lugha nyingine zalazimika kutumia neno moja la "kuteremsha" kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, yaani kuuteremsha mkuku ili usafiri nao, na kuuteremsha kutoka mashuani mpaka ardhini ili ukatengenezwe. Katika karatasi tulizoletewa mambo yote mawili yalikuwa "kushusha mkuku", na mahali pamoja hatukuweza kujua lipi limekusudiwa mpaka tulipoutazama mchoro. Sisi twaweza kuyatenga bila ya gharama yoyote. Kukunjua ni kwa safari. Kushusha ni kwa karakana.

Nyumba ya mkuku, yaani ule uwazi mwembamba chini ya mashua ambamo mkuku huingia unapokunjwa, mfasiri aliita "sanduku". Neno si baya, lakini sanduku lina kifuniko na hutiwa vitu. Tumependelea ala, kwa mfano wa ala ya kisu au ya jambia: kitu chembamba, kilicho wazi upande mmoja, kilichofanywa kwa umbo la kile kinachoingia. Katika Catalina 22 mkuku hauingii wote. Sehemu yake hubaki nje, kama mpini wa jambia, na jina halidhuriki kwa hilo. Tulionywa kwamba ala pia ni chombo cha muziki. Hatudhani kwamba fundi atakayeambiwa aondoe makombe ndani ya ala ya mkuku atatafuta zeze.

Turudi sasa kwenye "kuungwa mkono". Ni dhahiri kwamba mfasiri alifungua kamusi, akakuta neno la Kiingereza lenye maana nyingi, akachukua maana ya kwanza inayojulikana katika magazeti. Tulijaribu kusahihisha. Tuliandika "umetegemezwa", halafu "umeegemezwa", halafu "umeshikiliwa kwa chini", na kila moja lilikuwa na upungufu. Kutegemeza kwaweza kuwa kwa maneno; kuegemeza ni kuweka kitu kiinamie kingine. Mwisho tulikwenda ufukweni kwa fundi mmoja mzee anayeunda mashua, tukamsomea sentensi ile.

"Mwalimu," akasema, "hiyo mashua imepwelewa au iko majini?"

Tukamjibu kwamba iko nchi kavu.

"Basi itie gadi. Chombo kikiwa juu hakiungwi mkono, hutiwa gadi."

Neno lilikuwepo siku zote. Gadi ni mti au gogo litiwalo ubavuni au chini ya chombo kilicho pwani kavu ili kisilale wala kisianguke; wingi wake ni magadi. Chombo chetu kikipwelewa maji yakitoka, au kikipandishwa kupakwa deheni, hutiwa magadi kwanza ndipo watu waingie chini yake. Maana yake yalingana na ile ya maelekezo ya Kimarekani pasipo kuongeza wala kupunguza: kitu kinachobeba uzito, kinachosimama ardhini, na ambacho kisipokuwepo chombo huanguka. Liko jambo la kuona haya kidogo hapa. Sisi tulioketi na kamusi tulikuwa tayari kuunda neno, na neno lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Mwaka 1970 ilitolewa mjini Dar es Salaam kamusi ya maneno ya ubaharia ya Kiswahili, kazi ya A. H. J. Prins, na ni vizuri mfasiri wa mambo ya bahari aitafute kabla ya kuunda chochote. Lakini hata kamusi hiyo haizuii safari ya ufukweni.

Wako watakaosema kwamba gadi litachanganywa na gadi ya askari, au magadi na yale yatiwayo katika maharage. Hatulioni tatizo. Gadi la chombo lina ngeli yake, na hakuna atiaye magadi ya maharage chini ya mashua.

Vitenzi vinataka uangalifu kuliko nomino, na hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi. Katika gereji zetu "kufungua" hutumika kwa mambo yote: fungua bolti, fungua gurudumu, fungua injini. Fundi akisema "fungua ile bolti" amaanisha itoe kabisa. Mwandishi wa maelekezo haya alitofautisha kwa makusudi kati ya kulegeza bolti na kuiondoa, na mfasiri akayaweka yote mawili katika "fungua". Matokeo yake yatisha. Mkuku umeshikwa na breketi mbili zilizobana pini, kila upande moja, nazo zimefungwa kwa bolti kwenye mwili wa mashua. Maelekezo yasema kwamba bolti zote zilegezwe kwa zamu, kidogo kidogo, huku jeki ikiwa chini, na isiondolewe hata moja mpaka uzito umehamia kwenye jeki. Msomaji wa tafsiri ile angeziondoa bolti za breketi ya kwanza zote, na mkuku ungebaki umening'inia kwa breketi moja, umepinda, tayari kuanguka upande asioutazamia. Kwa hiyo twashauri bila ya kusita: legeza kwa kuregeza tu, toa kwa kuondoa kabisa, chomoa kwa pini na kamba, na fungua liachwe katika mazungumzo ya gereji, ambako watu huonana kwa macho.

Kuhusu pini yenyewe hatukuwa na ugomvi. Pini ni neno la mafundi, na tukilitaka liwe wazi zaidi twaweza kusema pini ya egemeo, kwa kuwa egemeo limekwisha kuzoeleka katika masomo ya fizikia shuleni. Ugomvi ulikuwa juu ya madini. Pini za zamani za mashua hii zilikuwa za aina ya shaba, na mfasiri akaandika "pini ya shaba". Lakini Kiswahili huita shaba madini matatu: ile nyekundu ya waya za umeme, ile ya manjano ya mabirika na vitasa, na ile ngumu iliyochanganywa na bati, ambayo ndiyo hutumika baharini. Mwenye mashua akienda dukani na neno "shaba" aweza kuuziwa fimbo ya shaba nyekundu, iliyo laini, na kuitia mahali panapobeba kilo 250. Kwa sasa tumeandika bronzi, ingawa hatulipendi.

Pini huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kusuguana: mkuku hutikisika kwa mawimbi, tundu lake likasaga pini mpaka ikaliwa, na tundu lenyewe likapoteza uduara wake. Ya pili ni maji ya chumvi. Madini mawili yasiyo sawa yakigusana ndani ya maji ya bahari huwa kama betri, na yale dhaifu huliwa. Chuma kikiwa kando ya bronzi, kinacholiwa ni chuma. Ndiyo maana mkuku hutolewa kila baada ya muda, ukapigwa mchanga mpaka kutu yote itoke, ukapakwa rangi ya epoksi kabla hewa haijaurudishia kutu, na tundu likajazwa au likatiwa bushi ili pini ikae bila ya kulegea. Wengi siku hizi hutia pini ya chuma cha pua kisichoshika kutu. Kutu ni jambo tunalolijua; kwa ule mwendo mdogo wa pini ndani ya tundu lililolika, mfasiri aliandika "mchezo", na hapo tulitaka kucheka tena. Kumbe yeye hakukosea sana kama tulivyodhani. Fundi yeyote wa magari atakuambia kwamba gurudumu "linacheza", na akitaka nomino husema "plei". Tumeacha kitenzi kifanye kazi: "tazama kama mkuku unacheza, na upime unacheza kwa kiasi gani". Si lazima kila nomino ya Kiingereza ijibiwe kwa nomino.

Winchi ni neno la hatari kwa namna yake. Bandarini, winchi ni lile dubwana linyanyualo makontena. Katika mashua hii ni kigurudumu cha kuzungushwa kwa mkono kikunjacho kamba. Maelekezo yanavihitaji vyote viwili katika ukurasa mmoja, kwa kuwa mashua huinuliwa kwa cha kwanza na mkuku hulegezwa kwa cha pili. Tumeandika kreni kwa kile kikubwa na winchi ya mkono kwa hiki kidogo. "Waya" tumeibadili iwe kamba ya chuma, ili asije mtu akatafuta umeme. Kamba hii hupita ndani ya kipande cha mpira kinachoungana na mwili wa mashua, na huo mpira, ambao mfasiri aliuruka kabisa, wastahili sentensi yake: ukipasuka au vibano vyake vikilegea, maji ya bahari huingia moja kwa moja chumbani. Kamba nayo ikikatika mkuku umekunjwa, kilo 250 huanguka mara moja mpaka mwisho wa mzunguko wake, na kishindo chake chaweza kuupasua mwili wa mashua. Kwa hiyo wakati mkuku uko nje ndio wakati wa kubadili vyote viwili.

Baada ya hayo tuliandika upya sehemu ile ya ukurasa wa tatu, nayo ikawa hivi:

"Inua mashua kwa kreni mpaka ipatikane nafasi ya kuushusha mkuku. Itie magadi pande zote mbili, na chini ya omo na tezi, kisha ulegeze kreni kidogo uthibitishe kwamba mashua imekaa juu ya magadi. Usiingie chini kabla ya hapo, wala usiingie chini ya mashua iliyobebwa na kreni peke yake au jeki peke yake. Mkuku ukiwa umekunjwa, panga vipande vya mbao chini yake mpaka viuguse. Legeza bolti ya kukazia. Legeza kamba ya chuma kwa winchi ya mkono, kidogo kidogo. Kamba ikilegea kabisa, ujue kwamba uzito wa upande wa tezi umekaa juu ya mbao. Hapo ndipo uchomoe kamba. Weka jeki chini ya mkuku karibu na pini ya egemeo, uipandishe mpaka ibebe. Legeza bolti za breketi zote mbili kwa zamu. Zote zikiisha kulegea na jeki ikiwa imebeba, zitoe. Shusha jeki na uondoe mbao moja moja, upande huu kisha upande huu, ili mkuku utoke katika ala ukiwa umelala sawa, pamoja na pini na breketi zake. Mkuku ni mwembamba na ukisimama kwa ukingo wake huanguka: utie gadi kulia na kushoto tangu unapoanza kutoka katika ala."

Tulimpelekea fundi wetu aisikie. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza bolti ya kukazia iko wapi, tukamwonyesha katika mchoro. Kisha akasema kwamba maneno yote ameyaelewa, ila lile la "usiingie chini" limechelewa. Mtu hodari wa kazi huwa amekwisha kuingia chini kabla msomaji hajafika mstari wa tatu. Tumelihamisha, na sasa linasimama peke yake juu ya mengine yote.

Lililobaki ni bronzi. Kama wako wasomaji wa Lamu, Tanga, Unguja au Kilwa wanaolijua jina walitumialo mafundi kwa ile shaba ngumu ya misumari na vyuma vya majini, tungependa watuandikie kabla karatasi hizi hazijapigwa chapa mara ya pili.